Mabuye Sita ya Papa Bonane

Mama Kavira alinipigia simu Jumanne, katikati ya somo la kemia, na kwa kuwa simu haziruhusiwi darasani niliiacha itetemeke mfukoni mpaka ikachoka. Ilipotetemeka mara ya tatu nilijua ni kifo. Mama Kavira ni mfanyabiashara wa Butembo, mwenye duka Mpofi. Hapotezi uniti za simu kwa salamu. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikasimama nyuma ya ukuta wa shule yetu hapa Nyamitaba, ng'ombe wa jirani wakinitazama kama wasimamizi wa mtihani. Sauti yake ikasema, "Bahati, Papa Bonane ametuacha. Kuja. Na ulete ile vyombo yako ya kelele, Mama Faida, muke wake, njo anaomba." Njo ya huku ni ndiye ya vitabuni. Nikarudi darasani, nikaketi. Mwenzangu wa benchi alisubiri mzaha, maana mimi ndiye ninayegawa mizaha katika darasa la sita la sekondari kama wengine wanavyogawa majibu. Sikuwa nao. Nina miaka kumi na minane, na siku ile nilihisi kama gunia lililopakiwa na kupakuliwa mpaka maandishi yake yakafutika.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa darasa la nne. Familia yangu tuiache. Haikufanya kosa lolote isipokuwa kunizaa. Shule ilinifukuza kwa sababu nilipiga kengele ya kutoka, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, saa mbili nzima kabla ya wakati wake, na shule yote ikaenda nyumbani kwa furaha, pamoja na walimu wawili. Nikapelekwa Mpofi, upande wa Walikale, kumalizia mwaka kwa Mama Kavira, aliyenikubali kwa sharti moja: asubuhi shule, mchana magunia. Kutoka kwenye vilima vyetu vya baridi, vya maziwa na jibini, nikateremka kwenye joto la msitu na mvua isiyo na adabu ya kusimama. Chumba changu kilikuwa stoo, nyuma ya duka. Nililala kati ya magunia ya mchele na makarton ya makayabu, yule samaki wa chumvi, na harufu yake ikanifuata mpaka darasani, ambako hakuna aliyejishughulisha kujifunza jina langu. Niliitwa Makayabu mwaka mzima. Jioni tulikula bugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese, sahani moja, Mama Kavira akihesabu kwa macho matonge yangu. Sikuwahi kuchoka namna ile tena, hata sasa, ingawa sasa nachoka kwa sababu nyingine. Uchovu wa mwaka ule ulikuwa wa mgongo tu. Ulikuwa uchovu mwema, unalala, unaisha.

Pedali nilizikuta kwenye rafu. Zilikuwa zimefika katika sanduku la mitumba kutoka Butembo, kati ya pasi zisizo na waya na vikaushio vya nywele: vijisanduku viwili vya chuma, rangi imebambuka, kila kimoja na kitufe kikubwa juu yake. Mama Kavira alikuwa akiviuza kama kengele za mlango. Mpofi nzima haikuwa na mlango unaostahili kengele, kwa hiyo vilikaa. Mimi nilishaona video kwenye simu za watu, nikavijua: ni vya kukanyaga kwa mguu wakati unapiga gitaa. Waya wa gitaa unaingia upande mmoja, waya wa kwenda kwenye spika unatoka upande wa pili, unakanyaga, sauti inageuka. Kimoja kiliikwaruza sauti ikawa kama ya mtu aliyeamka na mafua. Kingine kiliirudia, kama unapoita bondeni. Nilivipata kwa kupanga magunia ya chumvi wiki mbili bila kunung'unika, jambo ambalo Mama Kavira aliliona kuwa muujiza. Gitaa lilikuwa la kwaya ya parokia, la umeme, nyuzi mbili kati ya sita zikiwa waya wa breki ya baiskeli. Mpigaji wake alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya Omate na hakurudi kwa mazoezi, basi wakanipa mimi, si kwa kipaji, ila nilikuwa karibu.

Hapo ndipo Papa Bonane alipoingia katika maisha yangu, au tuseme alikaa, maana hakuwa mtu wa kuingia. Alikaa kwenye benchi ya duka kila mchana, mzee mwembamba mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua hata kwenye jua, mkono wa kushoto ukiwa na vidole vitatu. Viwili vilibaki katika shimo la Omate, chini ya jiwe. Ujana wake wote alipiga gitaa katika ukumbi wa kampuni ya zamani ya madini, na katika ukumbi huo, kwa gitaa hilo, ndipo alipomuuliza Mama Faida kama angekubali kuishi naye. Waliishi pamoja miaka arobaini hivi. Watoto sita. Lakini kanisani hawakuwahi kufunga ndoa, na kwa hiyo Papa Bonane hakuruhusiwa Komunyo. Kila Jumapili, benchi zima likisimama kwenda mbele, yeye alibaki ameketi, analinda makoti ya watu na viatu vya watoto. Niliwahi kumtania: "Papa, weye njo vestiaire ya Bwana Yesu," yaani chumba chake cha kutunzia makoti. Alicheka kwa adabu. Kisha akanitazama kwa muda mrefu kuliko mzaha ulivyostahili, akasema, "Mutoto, minataka kwenda pale mbele mara moja mbele ya kufa. Mara moja tu. Kisha nitarudia makoti."

Na mwaka ule nafasi ilikuwapo. Padiri alitangaza kwamba siku ya sikukuu ya parokia, mwishoni mwa mwaka wa shule, atabariki ndoa za wazee wote walioishi hivyo hivyo. Wazee wakajiandikisha, wengine bila meno, wakichekana kama wachumba. Mama Faida peke yake alikataa. Alikuja dukani, mwanamke mnene, wa maneno machache, akaagiza chumvi, na mbele ya mumewe akamwambia Mama Kavira, "Yule kijana mwenye aliniuliza alikuwaka na gitare. Huyu mwenye minaishi naye hajaniuliza kitu. Alete ule wa kwanza, nitamujibu." Akachukua chumvi yake, akaondoka. Papa Bonane akautazama mkono wake wa vidole vitatu. Kisha akanitazama mimi, na sikuupenda mtazamo ule, kwa sababu ulikuwa na kazi ndani yake.

Nilidhani ni kiburi cha bibi, mpaka siku nilipomsikia akizungumza na Mama Kavira. Ukuta kati ya stoo na jikoni ulikuwa wa mbao zilizoachana, na wakubwa husahau kwamba mtoto aliyelala juu ya mchele ana masikio. Walikuwa wakichagua maharagwe. Nilisikia vijiwe vikianguka kwenye sahani, kimoja kimoja.

"Dada Faida, uko na kichwa nguvu. Gitare iko nini, mbaka umuache muzee abaki ku benchi?"

"Haiko gitare. Siku ile tulikimbia vita, nilimuambia: beba gitare yako, mama yangu atatembea. Mama hakukuwa anaweza ata kufika ku mulango. Nilisema tu, sababu ya haya. Yeye akaweka gitare chini, akainama, akasema: Mama, panda."

"Mama-mukwe? Ku mugongo?"

"Ku mugongo. Siku mbili. Watu mu njira walikuwa wanacheka. Mama alifunika uso na kitenge njia yote. Tulifika, hakuna mwenye alisema kitu, na mimi vile vile sikusema. Yeye hakupiga gitare tena. Nilikuwa nangoja siku muzuri ya kumuambia aksanti. Ikapita mwaka, ikapita ingine. Sasa utaanzia wapi? Iko sawa samaki, Kavira. Ukiichelewesha inaoza."

Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja huingia kwenye majani. Na yeye alimbeba siku mbili, kifua chake mwenyewe kikiwa tupu bila gitaa. Nililala pale nikisikiliza vijiwe vya maharagwe, nikaona kwamba Mama Faida hakuwa anamwadhibu. Alikuwa anatafuta mlango wa kurudia alikotoka, na mlango pekee anaoukumbuka ulikuwa ile sauti.

Basi tukaanza kuitafuta. Kila mchana, magunia yakiisha, niliweka gitaa na pedali nyuma ya duka, na Papa Bonane akakaa juu ya jerikani na kunikataa. Tuni aliniimbia kwa pua siku ya kwanza, nikaishika kwa wiki moja. Sauti ndiyo iliyotutesa. Nilipokanyaga pedali ya mkwaruzo alisema, "Hiyo ni nzige mu kopo." Nikapunguza mkwaruzo. "Hiyo ni muntu anavuta majivu." Nikafunga ukali wote wa gitaa, nikageuza spika itazame ukuta, nikaifunika blanketi langu lenye harufu ya makayabu. "Sasa iko karibu, lakini inanuka." Pedali ya mwangwi ilitusaidia zaidi. Ukumbi wao ulikuwa wa saruji na bati, kwa hiyo nilizungusha kidude chake cha pembeni mpaka sauti ikarudi mara moja tu, haraka, kama inagonga ukuta wa karibu na kuona haya. Papa Bonane alifumba macho. "Chumba umepata," akasema. "Muntu hajaingia."

"Huyo muntu iko namna gani, Papa?"

"Alikuwa anapumua. Ukipiga nguvu, sauti ilikuwa inajikunja kwanza, kama mutoto mwenye anaogopa kofi. Kisha inafunguka pole pole. Yako inatoka tu. Haina mashaka."

Nilijibu kwamba mimi pia sina mashaka, na kwamba labda tumpe Mama Faida redio. Hakucheka. Miezi ikaenda hivyo, mvua juu ya bati, mzee juu ya jerikani, mimi nikichoka kwa jambo lisiloonekana.

Niliwahi kuunga pedali kwenye betri ya sola. Ikatoa harufu ya nywele zinazoungua nikachomoa haraka. Mwalimu wa fizikia, bila kujua anasaidia uhuni gani, aliniambia nitumie betri sita za tochi, zile tunazoziita mabuye. Nikazipanga sita, kichwa na mkia, ndani ya mwanzi uliopasuliwa, nikazikaza kwa mpira wa tairi. Kila mara niliweka mapya. Siku moja Mama Kavira alinichukulia yale mapya kwa ajili ya redio yake. Wachimbaji wa Omate walikuwa na desturi ya kununua mabuye dukani, kuyatia kwenye tochi za kichwani pale pale, na kutupa yaliyokwisha mlangoni, ambapo mimi niliyafagia. Nilichoka kubishana. Nikaokota sita kutoka kwenye takataka, nikayatia kwenye mwanzi, nikapiga.

Sauti ilijikunja. Ilirudi ndani, kama mtu anayevuta pumzi mlangoni, kisha ikafunguka, nzito, yenye kikohozi pembeni. Nguvu ya umeme ilikuwa imepungua, na pedali, kwa njaa yake, ikaanza kuzungumza kama mzee. Papa Bonane aliweka kikombe chake cha chai juu ya meza ambayo haikuwapo. Kikavunjika. Akasimama, akasema kwa sauti ya chini, "Amefika."

Tangu hapo maisha yangu yakawa ya kulinda vitu vilivyokufa. Buye lenye nguvu halikufaa, na lililokufa kabisa halikufaa. Nililitaka lile linalowasha balbu kwa rangi ya chai isiyo na maziwa. Na huku kila mtu ana huruma na buye. Watu huliweka juani juu ya bati, huliuma kwa meno, huliotesha moto jikoni, ili liishi siku moja zaidi. Mara mbili nilikuta mabuye yangu yameanikwa na wema wa jirani. Nikaficha sita bora ndani ya soksi, na soksi nikaificha chini ya makayabu, mahali ambapo hata mwizi angeomba radhi.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa. Wachimbaji wa Omate walikuwa wamesimama nyuma, viatu vya mpira vyenye matope makavu, tochi bado zimening'inia shingoni. Wazee waliokuja kufunga ndoa walikaa mbele, Papa Bonane katika koti lake, Mama Faida katika kitenge kipya, uso umefungwa kama duka la Jumapili. Padiri alikuwa amekubali gitaa moja, wimbo mmoja, mfupi, kabla ya swali la ndoa. "Na isilie kama mbuzi," aliniambia. Zamu yao ilipofika, nilikanyaga pedali, nikapiga.

Ililia kama msumeno unaokata bati. Safi, kali, bila mashaka yoyote. Watoto waliziba masikio. Nikainamia mwanzi: mabuye sita mapya, yanang'aa. Mama Kavira, kutoka benchi la tatu, alinitolea tabasamu la mama.

"Nilikuwekea mapya, mwanangu. Zawadi ya arusi. Zile za kufa nilitupa mu choo."

Mama Faida alisikiliza mpaka mwisho, kwa haki. Kisha akasema, si kwa hasira, "Huyu simujue." Papa Bonane alianza kufunga kifungo cha koti lake, kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Nilimwona anajiandaa kurudi kwenye benchi na kulinda makoti maisha yake yote, na mimi ambaye sikuwahi kusema jambo la maana kanisani nikapiga kelele: "Nani iko na mabuye yenye kufa?"

Nyuma kule mchimbaji mmoja akafungua tochi yake. "Yangu haiwake vizuri tangu juzi."

"Yako? Chukua yangu! Yangu sikuona ata miguu yangu mu shimo!"

"Muongo huyu, yake iko mupya. Bahati, kamata ya kwangu, imekufa kama mujomba wangu!"

Wakaja mbele wakishindana kwa ubovu, mabuye mikononi, na mimi nikiyajaribu moja moja kwenye balbu, katika nyumba ya Mungu, nikisema hili limezidi, hili halijafika, hili chai kabisa. Nilipata matano. Padiri alinitazama, akapumua kwa uchovu wa mtu aliyesomea teolojia kwa miaka mingi kwa ajili ya siku kama hii, akaingia sakristia, akarudi na tochi. "Jaribu hiyo," akasema. "Iko inakufa tangu Kwaresima."

Nikapiga. Sauti ilijikunja, ikaona haya, ikafunguka, ikagonga ukuta wa saruji wa ukumbi ambao haupo tena. Mama Faida alifumba macho, na uso wake ukarudi nyuma, mbali, hatua kwa hatua, mpaka nikaogopa. Alipoyafumbua hakumtazama mumewe. Alimtazama Padiri.

"Njo yeye," akasema. "Uliza sasa."

Wakati wa Komunyo Papa Bonane alivua koti. Sikuwahi kumwona bila hilo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Akanipa nilishike, akaenda mbele na vidole vyake vitatu vimefungana na vitano vya kulia. Siku hiyo makoti nilishika mimi. Baada ya Misa Mama Faida alikuja kuniomba yale mabuye sita, nikampa, nikafanya mzaha kuhusu mahari. Wiki mbili baadaye mwaka wa shule uliisha, nikapanda juu ya gari la mizigo, nikarudi Nyamitaba, na sikumwona mzee tena.

Hiyo ndiyo sababu nilikwenda. Safari ya pikipiki kutoka Nyamitaba mpaka Mpofi, mvua, vizuizi, magari yaliyokwama, sitaieleza, wanaoijua wanaijua. Nilifika siku moja baada ya maziko. Nyumba ilikuwa na wanawake kwenye mikeka, sufuria ya maharagwe nje, mazungumzo ya chini. Koti la kahawia lilitundikwa kwenye msumari. Mama Faida alikuwa amepungua. Aliniangalia, akasema, "Makayabu amekuwa mwanaume," na wanawake wakacheka kidogo, kwa ruhusa yake.

Nilikuwa nimetafuta mabuye njiani kote. Mama Kavira hayauzi tena. Wachimbaji wa Omate siku hizi wana taa za kuchaji kwa waya, na taa zile hazizeeki. Zinang'aa, zinang'aa, kisha zinakatika, kama watu wa huku. Nilimweleza hivyo. Akasimama kwa taabu, akaingia chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani, katika kitambaa, mlikuwa na mabuye yale sita. Yalikuwa yametoa unga mweupe, ngozi imepasuka. Niliyakwangua kwa kisu, nikayapanga kwenye mwanzi, nikaunga waya wa lile gitaa la parokia na wa spika yake, nikakanyaga. Kitufe kilisema *tk*. Nikapiga uzi. Hakuna. Nikapiga tena, kwa nguvu, kama mjinga. Hakuna.

"Mama," nikasema, "nipige bila pedali? Itatoka safi, lakini itatoka."

"Hapana. Acha vile."

Mama Faida alikuwa analitazama koti. Nikatafuta mzaha, niliutafuta kweli, kila mahali ninapouweka, na hapakuwa na kitu.

"Ule wa gitare nilimujibu mbele ya Padiri," akasema. "Huyu mwenye hakusemaka kitu, njo sijamujibu."

Maharagwe yalichemka nje. Kisha akaita, kwa sauti ile mtu anayoitumia kumwita aliye uani, "Bonane. Aksanti kwa mama."

Mguu wangu ulikuwa bado juu ya pedali. Sikuuondoa, maana kile kitufe, ukikiachia, kinalia.